Sura ya Sita: Furaha Yenye Kamati

Katika kijiji cha Willaston, mkoa wa Cheshire, kila kiangazi watu hukusanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi ili kuwaita nyungunyungu watoke ardhini. Uwanja hugawanywa vipande vya mita tatu kwa tatu, kila mshindani na kipande chake, na filimbi ikilia wana nusu saa. Mbinu inayotumika zaidi ni kuchomeka uma wa bustani kwenye nyasi kisha kuutikisa mpini wake bila kuchoka mpaka ardhi ya chini itetemeke. Nyungunyungu hujitokeza mmoja mmoja, wakaokotwa, wakatiwa chomboni, wakahesabiwa. Mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1980, na mshindi wake, Tom Shufflebotham, aliwatoa 511. Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 2009, msichana wa miaka 10 alipowatoa 567.

Sheria zipo, tena zimeandikwa. Kuchimba hakuruhusiwi. Dawa haziruhusiwi, na maji yenyewe yanahesabiwa kuwa dawa, kwa hiyo hata chai iliyobaki kikombeni huwezi kuimwaga kwenye kipande chako. Muziki wa aina yoyote unaruhusiwa. Asiyetaka kuwashika nyungunyungu kwa mkono wake anaweza kuteua msaidizi wa kumwokotea. Washindani wakifungana, wanaongezewa dakika tano. Halafu kuna sheria ninayoipenda kuliko zote: nyungunyungu wote hurudishwa ardhini jioni ya siku ile ile, ila ni lazima ndege wawe wameshakwenda kulala.

Namuwaza mtu aliyeiandika sheria hiyo. Aliwaona nyungunyungu mia kadhaa wametawanyika juu ya nyasi huku ndege wakiwasubiri mitini, akaona hapo hapana haki, akashika kalamu. Kwa ajili yake, watu wazima wenye kazi na familia hungoja jua lizame ndipo wakaimwage ndoo yao.

Kwa nini nyungunyungu wanatoka ni swali lililowashughulisha watu wakubwa. Kitabu cha mwisho cha Charles Darwin, kilichotoka mwaka 1881, kilihusu nyungunyungu, na humo alitaja wanavyosema watu, kwamba ardhi ikitetemeshwa wao hudhani wanafukuzwa na fuko, basi hukimbilia juu. Mwaka 2008 mtafiti wa Marekani, Kenneth Catania, aliwachunguza nyungunyungu wa Florida akakuta ndivyo ilivyo kwao: mtikiso wa kigingi cha mbao kilichochomekwa ardhini unafanana na mtikiso wa fuko anayechimba. Watoto wa Willaston hawahitaji kuyajua hayo ili wafurahi, lakini wengi wao huyajua, kwa sababu siku hiyo kila mtu uwanjani ana nadharia yake kuhusu nyungunyungu na kila mtu anasikilizwa.

Nimeanza na Willaston kwa sababu pale linaonekana wazi jambo ambalo sura hii inalihusu. Mwingereza wa mji mdogo ni mtu wa haya. Anaweza kuishi ukuta kwa ukuta na jirani yake kwa miaka mingi, wakasalimiana kila asubuhi, wakazungumza habari za mvua na jua, na asimgongee mlango hata siku moja bila shida maalumu. Hodi ya kupita tu, ile ya "nimekuja kuwaona," haimo katika mazoea yake. Basi sababu ya kukutana inatengenezwa, na ikishatengenezwa inapewa tarehe, mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kanuni. Wageni wengi huona kanuni hizo wakadhani ndizo zinazobana furaha. Mimi naona ndizo zinazoifungulia mlango. Mzaha ukishakuwa na sheria, mwenye haya anajua asimame wapi, ashike nini na acheke lini, na hapo hucheka kweli kweli.

Chukua gusiberi. Ni tunda dogo lenye uchachu, la kichaka chenye miiba, ambalo watu wengi hukutana nalo ndani ya pai au jamu tu. Huko Egton Bridge, North Yorkshire, Jumanne ya kwanza ya Agosti, wakulima wa bustani za nyumbani huleta gusiberi zao zipimwe, na wamefanya hivyo tangu mwaka 1800. Katika karne ya 19 maonyesho ya aina hii yalikuwa mengi kaskazini mwa Uingereza. Leo yamebaki Egton Bridge na katika vijiji vichache vya Cheshire. Kila tunda hupandishwa kwenye mizani nyeti peke yake, na uzito husomwa kwa dramu na greni, vipimo vya zamani ambavyo madukani vimeshasahaulika. Mwaka 2019 Graeme Watson alileta gusiberi ya gramu 64.83, ikaandikwa kuwa nzito kuliko zote duniani. Huo ni uzito wa yai la kuku.

Anayetaka kufika huko huyapunguza matunda ya kichaka chake mpaka yabaki machache sana, kisha huyalinda na jua, ndege na nyigu, na zaidi ya yote na mvua ya ghafla, kwa kuwa tunda likinywa maji mengi kwa mkupuo hupasuka. Likimpasukia mtu usiku wa kuamkia maonyesho, miezi ya kazi imekwisha. Asubuhi yake atakuja ukumbini hata hivyo, mikono mitupu, na watu watampa pole na kumtania kwa pumzi moja. Sijui mahali pengine ambapo huzuni ya tunda moja hupewa heshima kubwa kiasi hicho.

Lakini kwa anayetaka kuyaona yote mara moja, mahali pake ni uwanja wa kanisa au wa shule, Jumamosi ya mwezi Juni. Vibendera vya pembetatu vimeshonwa kwenye kamba na kutundikwa kutoka mti hadi mti. Kuna meza ya keki, meza ya vitabu vilivyokwisha kusomwa, meza ya vyombo ambavyo kila mwaka huhama kabati la nyumba moja kwenda la nyumba nyingine, na bahati nasibu yenye zawadi zilizoombwa kwa majirani: chupa ya divai, sabuni nzuri ya kuogea, kopo la biskuti. Kwa sarafu moja unakisia uzito wa keki ya matunda, na atakayekaribia zaidi anaondoka nayo. Mbwa wanashindanishwa kwa utiifu na kwa mikia, na tuzo ya mbwa anayefanana zaidi na mmiliki wake hugombewa na watu wazima wenye heshima zao.

Pembeni, mwalimu mkuu ametiwa kichwa na mikono katika ubao wenye matundu, wa aina ile iliyotumika zamani kuwaadhibu wahalifu hadharani, na wanafunzi wake wamepanga foleni kumtupia sponji zilizoloweshwa maji. Kila sponji inalipiwa. Fedha zinakwenda kununua vitabu vya shule, na mwalimu amekubali mwenyewe tangu kikao cha mwezi uliopita. Jumatatu wataonana darasani na adabu itakuwa pale pale. Ila mtoto amepewa dakika moja ya kumlowesha mkubwa wake, kwa ruhusa, wazazi wakishangilia, na mkubwa huyo akacheka maji yakimtiririka puani. Namheshimu sana mwalimu wa namna hiyo. Amefundisha kitu ambacho hakimo kwenye ratiba.

Msomaji wa Pwani atasimama zaidi kwenye kibanda cha nazi. Nazi hizo zimesafiri kutoka nchi za joto zikasimikwa kila moja juu ya kigingi chenye kikombe, na watu wanalipa ili wazipopoe kwa mipira ya mbao. Ukiiangusha ni yako. Mchezo huu ulienea katika sherehe za Uingereza tangu karne ya 19, wakati nazi ilipokuwa kitu cha ajabu kutoka mbali, na ajabu hiyo haijaisha kabisa. Nyumbani hakuna mbuzi ya kukunia wala mtu mwenye mazoea ya kufua nazi. Baba aliyerudi na nazi kwapani huanza na nyundo, akaja na bisibisi, akamalizia kwa kuipigiza kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, huku watoto wamemzunguka na bakuli la kukingia maji ambayo wanaogopa kuyanywa. Kisha kila mmoja anapewa kipande kimoja cha nyama yake, anakitafuna taratibu, na mchana wote umepatikana.

Mvua ikinyesha hakuna anayeondoka. Meza za keki zinahamishiwa chini ya turubai, watu wanabanana humo na vikombe vya chai, na hapo ndipo mazungumzo huanza kunoga, maana hawana tena mahali pa kukwepana. Fedha zinazopatikana siku hiyo hutajwa jioni kwa shangwe, ingawa paa la kanisa la karne kadhaa humeza fedha zaidi ya hizo bila kushiba. Kama lengo lingekuwa fedha peke yake, ingekuwa rahisi kila nyumba itoe pauni kumi na watu wakae ndani. Wanaooka keki alfajiri wanalijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Sasa twende Ashbourne, Derbyshire, ambako utaratibu wote huo unaonekana kama umevunjika, nao haujavunjika. Mji huo unapitiwa na kijito kiitwacho Henmore. Aliyezaliwa kaskazini mwa kijito ni mtu wa Juu, na wa kusini ni mtu wa Chini. Jumanne ya kuamkia Kwaresima, na tena kesho yake, Jumatano ya Majivu, pande hizo mbili hupigania mpira mmoja kuanzia saa nane mchana, na wanaweza kuendelea mpaka saa nne usiku. Magoli yako umbali wa kilomita kama tano, moja Sturston na jingine Clifton, mahali palipokuwa na vinu vya maji, na mji uliomo katikati yake ndio uwanja: barabara, maegesho ya magari, mashamba na kijito chenyewe. Idadi ya wachezaji haina kikomo. Wenye maduka hupigilia mbao kwenye madirisha yao mapema, kwa utulivu wa watu wanaofunga nyumba kabla ya masika.

Mpira huo ni mkubwa kidogo kuliko wa kawaida, umepakwa rangi kwa ufundi, na ndani umejazwa vipande vya koki ili uelee, kwa kuwa sehemu kubwa ya mchezo huchezwa ndani ya maji baridi ya mwisho wa majira ya baridi. Kabla ya kuanza watu hula chakula cha mchana pamoja, huimba, kisha mgeni wa heshima hupanda jukwaa la mawe na kuurusha mpira juu ya vichwa vya umati. Mwaka 1928 aliyeurusha alikuwa mwana wa mfalme, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Edward VIII, na tangu hapo mchezo unaitwa wa Kifalme. Mwaka 2003 aliurusha Charles, ambaye leo ndiye mfalme. Kisha mpira humezwa na kundi la mamia ya watu waliokumbatiana kiasi kwamba mvuke huwatoka vichwani, na kwa muda mrefu anayetazama haoni mpira, anaona tu kundi likisogea hatua tano huku, hatua tatu kule, kama nahodha mmoja amelala ndani yake akiota njia.

Sheria ni chache na zinasomeka mara moja. Kuua hakuruhusiwi. Kuuficha mpira ndani ya koti au begi hakuruhusiwi, wala kuusafirisha kwa gari. Makaburi na viwanja vya kanisa haviingiwi. Anayefunga lazima awe amesimama majini, na lazima aubamize mpira mara tatu kwenye jiwe la kinu lililoko golini. Akifanikiwa hubebwa mabegani mpaka mjini, na mpira unakuwa wake maisha yake yote, ukipakwa rangi upya na jina lake likaandikwa juu yake. Katika nyumba za Ashbourne kuna mipira ya namna hiyo iliyorithiwa kutoka kwa babu.

Hakuna anayejua mchezo huu ulianza lini hasa, maana kumbukumbu zake za kale ziliungua kwa moto katika miaka ya 1890. Kilicho wazi ni kazi unayoifanya. Ndani ya kundi lile karani wa benki amemkumbatia fundi bomba, kijana amembana mwalimu wake wa zamani, na shemeji wa Juu anamzamisha shemeji wa Chini kwenye kijito, wote wakijua kwamba kesho kutwa watakutana dukani. Wasomaji wa Zanzibar watafikiria Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambako watu wa upande mmoja na wa mwingine hucharazana kwa makuti ya mgomba na kutoleana ya moyoni, mwaka ukaanza upya. Ashbourne haitangazi kwamba inatoa ya moyoni. Inasema tu kwamba inacheza mpira.

Kuna mji mwingine ambao umekipa kicheko chumba cha mahakama. Great Dunmow, Essex, hutoa ubavu mzima wa nguruwe uliokaushwa kwa chumvi kwa mume na mke watakaothibitisha kwamba kwa muda wa mwaka mmoja na siku moja hawakujutia ndoa yao hata mara moja. Desturi yenyewe ni ya kale kiasi cha kutajwa na Geoffrey Chaucer katika karne ya 14. Ilikufa, ikafufuliwa mwaka 1855 baada ya mwandishi Harrison Ainsworth kutoa riwaya iliyoihusu, na siku hizi kesi husikilizwa kila baada ya miaka minne. Kuna hakimu. Kuna wakili anayewatetea wanandoa na wakili anayeitetea nyama isitoke. Waamuzi ni wasichana sita na vijana sita ambao hawajaoa wala kuolewa, na hilo naliona ni la busara kubwa, kwa sababu waliooa wangekwishajua majibu.

Maswali ni ya nyumbani: nani huacha taulo sakafuni, nani aliendesha gari akakataa kuuliza njia, mama mkwe alikaa wiki ngapi. Wanandoa hujibu, na mji mzima hucheka kwa kuwa kila nyumba ina taulo sakafuni. Wakishinda hubebwa kwenye kiti cha kale mabegani mwa watu mpaka sokoni, wakapiga magoti juu ya mawe yenye ncha na kuapa mbele ya wote. Wakishindwa hutembea nyuma ya kiti kitupu, na hupewa kipande kidogo cha paja la nguruwe cha kuwafariji. Hawarudi nyumbani na aibu. Wamesema hadharani, mbele ya majirani, kwamba walijaribu, na wamepigiwa makofi kwa hilo.

Miji mingine huupa mzaha ofisi kabisa. Wavuvi wa Hartlepool, pwani ya kaskazini mashariki, wanasimuliwa kwamba zamani za vita vya Napoleon walimwokota nyani kutoka kwenye meli iliyovunjika, wakamhoji, wakaona haelewi wanachosema, wakaamua ni jasusi wa Kifaransa, wakamnyonga. Kama ni kweli au si kweli, miji jirani imewatania kwa kisa hicho kizazi hadi kizazi. Hartlepool ilifanya lililo bora: ilimchukua nyani awe wake. Klabu ya mpira ya mji ikawa na mtu anayevaa vazi la nyani siku za mechi. Mwaka 2002 kijana aliyekuwa ndani ya vazi hilo, Stuart Drummond, aligombea umeya akiahidi ndizi za bure kwa watoto wa shule. Akashinda. Akalivua vazi, akaingia ofisini, na wapiga kura wakamrudisha mwaka 2005 na tena mwaka 2009. Mtu hachaguliwi mara tatu kwa mzaha peke yake, na jirani wa Hartlepool anayetaka kuendelea kuutania mji huo sasa hana budi kutafuta neno jingine.

Lakini hadithi ya mji mdogo ninayoirudia mara nyingi zaidi ni ya Rylstone, katika mabonde ya Yorkshire, na hiyo ilianza na msiba. Kote Uingereza kuna vyama vya wanawake vinavyokutana kila mwezi katika kumbi za vijiji kusikiliza mhadhara, kunywa chai na kupanga kazi. Vilianzia Kanada mwaka 1897, vikaingia Uingereza mwaka 1915 wakati wa vita, na watu walivizoea kama vyama vya jamu na nyimbo za kanisani. Mwaka 1998 John Baker, mume wa mwanachama mmoja wa eneo la Rylstone, alifariki kwa saratani akiwa na miaka 54. Mkewe, Angela, na wenzake walitaka kuchangisha fedha kwa ajili ya utafiti wa saratani ya damu. Wakachagua kutengeneza kalenda, ambayo vyama kama chao vilikuwa vikitengeneza kwa picha za madaraja na makanisa.

Wao walipigwa picha wao wenyewe. Walikuwa wanawake 11, wengi wao wa makamo, wakiwa wanafanya kazi za kila siku za chama, wanaoka, wanafuma, wanapanga maua, na hawakuvaa nguo. Keki, mitungi na mashada ya maua viliwekwa kwa uangalifu mahali palipohitajika. Kalenda ilitoka mwaka 1999, na ikafika mbali kuliko mtu yeyote alivyotegemea. Mwaka 2003 ikatengenezewa filamu iliyochezwa na Helen Mirren na Julie Walters, na fedha zilizopatikana kwa utafiti kwa miaka iliyofuata zilipita pauni milioni 5. Watu walicheka, na wanawake hao walitaka wachekwe, kwa sababu rafiki yao alikuwa amefiwa na wao hawakutaka alie peke yake. Wanaosema kuwa mzaha wa vijijini ni upuuzi wa watu wasio na kazi waende wakaitazame kalenda hiyo upya.

Kamati nayo ina siku zake mbaya. Tangu sheria ya mwaka 1894, vijiji na miji midogo ya Uingereza ina mabaraza yake ya chini kabisa, yanayoshughulikia mabenchi ya bustani, viwanja vya watoto, makaburi na mabango ya matangazo. Desemba 2020, wakati wa korona, kikao cha Handforth, Cheshire, kilifanyika kwa njia ya video, na Jackie Weaver wa chama cha mabaraza ya mkoa alialikwa kukisaidia. Mwenyekiti alipomwambia kwamba hana mamlaka pale, yeye alibonyeza kitufe akamtoa kikaoni. Mjumbe mwingine akapaza sauti akimtaka asome kanuni na azielewe. Weaver alibaki mtulivu. Februari 2021 video ilienea, ikatazamwa na mamilioni waliokuwa wamefungiwa ndani.

Kwa waliokuwemo, ugomvi ule haukuwa wa kuchekesha, na hilo lisisahauliwe. Kilichowapendeza watu majumbani, nadhani, ni kwamba waliwatambua wote waliokuwemo: mwenye hasira na kanuni, anayehangaika na kipaza sauti, shangazi ambaye jina lake limeonekana kwenye skrini kama jina la kifaa chake, na mwanamke mmoja anayetaka ajenda isonge mbele. Miezi mingi ilikuwa imepita tangu wakae katika ukumbi wenye viti vya plastiki na birika la chai. Waliikosa hata kamati.

Na kamati ikiondoka kabisa? Jibu liko Cooper's Hill, karibu na Brockworth, Gloucestershire. Mwishoni mwa Mei, siku ya mapumziko, jibini la mviringo lenye uzito wa kilo tatu hadi nne huviringishwa kutoka juu ya mteremko mkali wa mita zipatazo 180, na watu hulikimbilia nyuma. Kulidaka ni jambo gumu mno. Anayefika chini wa kwanza ndiye anayelichukua. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na miaka ya mgao wa chakula iliyofuata, jibini lilipokuwa adimu, liliviringishwa gurudumu la mbao lenye kipande kidogo cha jibini ndani yake, mashindano yasikatike. Mwaka 2009 umati ulikuwa mkubwa kuliko kilima kilivyoweza kuubeba, na mwaka 2010 waandaaji walitangaza kuyafuta mashindano.

Watu walikuja vile vile. Tangu hapo hakuna mwandaaji rasmi. Mwaka 2013 polisi walimwonya mtengenezaji wa jibini hilo, bibi wa miaka 86, kwamba anaweza kuwajibika mtu akiumia. Mwaka huo likaviringishwa jibini la bandia. Huduma za dharura zina haki ya kulalamika, kwa kuwa mifupa huvunjika kweli na magari ya wagonjwa ya eneo hilo si mengi. Hata hivyo kila mwaka kuna mtu aliyeleta jibini, kuna mtu aliyeanzisha mbio kwa kuhesabu, na chini ya kilima husimama vijana wenye miili mikubwa, kazi yao kuwadaka wanaokuja kwa kasi wasigonge uzio. Hakuna aliyewaajiri.

Mwaka 2023 Delaney Irving, msichana wa miaka 19 kutoka Kanada, alikimbia mbio za wanawake. Alijikwaa, akabingirika, akapiga kichwa, akavuka mstari wa mwisho mbele ya wenzake wote akiwa amezimia. Alizindukia ndani ya hema la huduma ya kwanza, na waliokuwa wakimhudumia ndio waliomwambia kwamba jibini ni lake.